Robo, thumni au mili: kliki ipi ya darubini inafaa bunduki yako ya shabaha?

Mnunuzi wa darubini ya bunduki ya shabaha huanza na ukuzaji: mara 25, mara 40, mara 60. Lakini namba inayoamua kama risasi zitakaa katikati imeandikwa kwa herufi ndogo juu ya nobu: 1/4 MOA (robo), 1/8 MOA (thumni), 0.1 MRAD, na kwa nadra 0.05 MRAD. Hicho ndicho kipimo cha kliki moja, ule mguso unaousikia kidoleni nobu inapozunguka, na ndiyo hatua ndogo kabisa ambayo darubini inaweza kusogeza pigo la risasi. Nobu ya juu husogeza pigo juu na chini, ya pembeni kushoto na kulia.

Tuseme mapema tunachokiamini: kliki ichaguliwe kwa kuangalia ukubwa wa kundi la risasi zako na ukubwa wa duara unalolipiga. Bunduki inayoweka risasi tano ndani ya nusu dakika ya pembe (MOA) inastahili thumni. Bunduki inayotawanya dakika moja na nusu ukiiwekea thumni, umejiongezea hesabu tu.

Vipimo vyenyewe

MOA ni dakika ya pembe, yaani digrii moja iliyogawanywa mara 60. Kwa mita 100 dakika moja ni milimita 29.1, kwa yadi 100 ni inchi 1.047. MRAD ni miliradiani, ambayo hapa tutaiita mili, na hesabu yake ni nyepesi kwa aliyezoea mita: mili moja kwa mita 100 ni sentimita 10, kwa mita 300 ni sentimita 30. Mili moja ni sawa na dakika 3.44.

Kliki moja inasogeza pigo hivi:

| Kliki | Mita 50 | Mita 100 | Mita 300 | Yadi 1,000 (mita 914) |
|---|---|---|---|---|
| 1/4 MOA (robo) | mm 3.6 | mm 7.3 | mm 21.8 | mm 66 |
| 1/8 MOA (thumni) | mm 1.8 | mm 3.6 | mm 10.9 | mm 33 |
| 0.1 mili | mm 5 | mm 10 | mm 30 | mm 91 |
| 0.05 mili | mm 2.5 | mm 5 | mm 15 | mm 46 |

Kliki ya 0.1 mili, ambayo wengi huidhani ndogo kwa sababu ya ile desimali, ndiyo kubwa kuliko zote hapo. Ni zaidi ya theluthi moja ya dakika.

Sasa ipeleke jedwali hilo uwanjani. Kwenye mashindano ya F-Class, mchezo wa kupiga shabaha za mbali kwa bunduki yenye darubini ulioanzia Kanada kwa juhudi za George Farquharson (herufi F ni ya jina lake), shabaha ya yadi 1,000 ina duara la juu lenye kipenyo cha inchi 10, na ndani yake duara dogo la inchi 5 linalotumika kuwatenganisha waliofungana alama. Nusu kipenyo cha hilo dogo ni milimita 63.5. Kosa kubwa linaloweza kubaki baada ya kurekebisha kadiri nobu inavyoruhusu ni nusu ya kliki: milimita 17 kwa thumni, 33 kwa robo, 46 kwa 0.1 mili. Kwa hiyo mwenye 0.1 mili anaweza kuwa amekwisha kupoteza zaidi ya theluthi mbili ya nafasi yake katika duara dogo kabla upepo haujagusa risasi. Ndiyo maana darubini zilizotengenezwa mahususi kwa mchezo huu, kama Nightforce Competition 15-55x52 na Vortex Golden Eagle 15-60x52, zina kliki za thumni.

Wanaopiga shabaha zisizosogea za mita 50 na mita 300 kwenye mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, hawahusiki na uchaguzi huu, kwa kuwa darubini hairuhusiwi huko. Wao hulenga kwa kitundu cha nyuma na pete ya mbele.

Kundi moja, nobu tatu

Tofauti huonekana vizuri kwenye karatasi moja yenye risasi tano. Chukua kundi lililopigwa kwa mita 100, bunduki ikiwa juu ya mifuko ya mchanga. Pima kila tundu kutoka kitovu ulicholenga. Kuelekea kulia umepata milimita 12, 9, 17, 6 na 11. Kwenda chini umepata 20, 14, 25, 17 na 19. Jumlisha na ugawe kwa tano: katikati ya kundi ni milimita 11 kulia na milimita 19 chini. Matundu mawili yaliyo mbali zaidi yameachana milimita 13.6 kati kwa kati, kama nusu dakika hivi. Ni kundi zuri.

Mwenye thumni anazungusha kliki 3 kushoto na 5 juu. Kushoto na kulia hakubaki kitu. Kwa kimo kunabaki pungufu ya milimita moja.

Mwenye robo anakwama kushoto na kulia, kwa sababu milimita 11 ni kliki moja na nusu. Akipiga moja, anabaki milimita 3.7 kulia, akipiga mbili, anavuka milimita 3.5 kushoto. Juu anapiga kliki 3 na kuzidisha milimita 2.8.

Mwenye 0.1 mili, safari hii, ana bahati: kliki 1 kushoto, 2 juu, na kote kunabaki milimita moja. Karatasi nyingine ingeweza kumwachia milimita 5.

Je, hizo milimita tatu au nne za robo zina maana? Hapo ndipo ukubwa wa kundi unapoamua. Risasi tano hazikwambii kitovu halisi cha bunduki, zinakikadiria tu. Kwa mtawanyiko wa kundi hili, makadirio yana shaka ya karibu milimita 1.8 kila upande. Mabaki ya robo ni mara mbili ya shaka hiyo, hivyo ni kosa la kweli, na thumni inalitoa. Lakini kundi lilelile likitanuka mara tatu, kufikia milimita 40, shaka inapanda hadi milimita 5.4, na mabaki ya robo yanamezwa humo. Anayezungusha thumni kwenye kundi kama hilo anafukuza kivuli: leo mbili kulia, kesho tatu kushoto, na bunduki haijabadilika hata kidogo.

Kosa lililo baya kuliko hilo ni kurekebisha baada ya risasi moja. Piga tano, pima, zungusha mara moja, kisha piga nyingine tano kwenye karatasi safi uhakikishe. Mtutu ukipata moto kundi hutanuka au kuhama, kwa hiyo kati ya makundi fungua boliti, hakikisha chemba ni tupu, uuache upoe.

Mshale ulio kwenye nobu nao huwachanganya wageni. Neno UP (juu) lenye mshale linaonyesha risasi itaelekea wapi. Ukiangalia ndani ya darubini utaona msalaba ukienda upande wa pili. Tena baadhi ya darubini za Ulaya nobu huzunguka kinyume na zile zilizozoeleka Marekani, kwa hiyo mwenye darubini mbili asiuamini mkono wake; asome mshale.

Kliki iliyoandikwa na kliki iliyopo

Namba ya kwenye nobu ni ahadi ya kiwanda. Kuna darubini zinazoandikwa robo dakika kumbe zinahesabu robo inchi kwa yadi 100. Tofauti ni asilimia 4.7, na kwa mita 100 huioni. Lakini bunduki ya kaliba .308 inayohitaji dakika 35 za kimo kufika yadi 1,000 itapiga karibu sentimita 42 chini ya ulipotarajia. Jambo hili lina asili ya zamani: darubini ndefu za Unertl zilizorekebishwa kwa maikrometa za nje, juu ya besi mbili zilizoachana inchi 7.2, zilitoa kliki ya robo inchi kamili kwa yadi 100. Ukisogeza besi, kliki nayo ilibadilika.

Kipimo cha kuikagua darubini hakihitaji mashine. Bandika karatasi ndefu kuliko mita moja kwenye ubao. Ning'iniza uzi wa timazi uchore mstari wa wima juu yake, na weka alama ya kulengea karibu na mwisho wa chini. Pima mita 100 kwa utepe, usikadirie kwa hatua. Aliyesimama kwenye yadi 100 akadhani ni mita 100 ataihukumu vibaya darubini njema. Piga risasi tatu nobu zikiwa kwenye sifuri. Panda dakika 30, lenga alama ileile ya chini, piga tatu nyingine. Pima kutoka kitovu cha kundi la chini hadi la juu:

- ukipata milimita 873, dakika ni za kweli;
- ukipata karibu 833, darubini inahesabu inchi;
- kwa darubini ya mili, panda mili 8 utafute milimita 800.

Rudi sifuri na upige tatu za mwisho. Zisipoungana na zile za kwanza, tatizo lako limepita suala la robo na thumni. Na makundi ya juu yakiukimbia mstari wa timazi, msalaba haujasimama wima, nalo hilo lina gharama kubwa: bunduki iliyoinama digrii moja tu, ikiwa imepandishwa dakika 35, hupiga kando sentimita 16 kwa yadi 1,000. Nusu kipenyo cha duara la inchi 10 ni sentimita 12.7. Digrii moja ambayo jicho haliioni imekutoa nje ya duara. Pima maji ndogo ya kufunga kwenye mwili wa darubini ni kifaa rahisi ambacho hakuna kliki, iwe ndogo namna gani, inayoweza kushika nafasi yake.

Kwa nini thumni hudai darubini bora

Ndani ya darubini kuna bomba dogo lililobeba lenzi. Skrubu ya nobu hulisukuma upande mmoja na springi hulirudisha. Kwenye darubini ambayo lenzi yake ya mbele ina urefu wa fokasi wa milimita 200, kliki ya thumni husogeza kitu humo ndani kwa maikroni 7, sehemu ya kumi hivi ya unene wa unywele. Robo ni maikroni 15. Springi iliyochoka au skrubu yenye ulegevu huweza kumeza mwendo wa thumni wote: unasikia kliki mbili kidoleni, karatasi inaonyesha sifuri, kisha risasi ya tatu inaruka kwa kliki zote kwa pamoja kwa sababu mtikisiko wa bunduki umelifungua bomba lililokuwa limekwama.

Dawa ya muda ipo. Unapozungusha upande unaolegeza skrubu, ambako springi ndiyo hufanya kazi, pita unakokwenda kwa kliki sita au nane, kisha rudi, ili skrubu imalizie ikiwa inasukuma. Lakini darubini inayohitaji hivyo kila siku haifai kuitwa ya thumni. Kwa bei ya chini tungechagua robo inayotii kuliko thumni inayobahatisha, bila kusita.

Kabla ya kuilaumu springi, angalia vitu viwili. Kwanza skrubu za pete na reli: zikazwe kwa ufunguo wenye kipimo cha nguvu, kwa namba aliyoitoa mtengenezaji wa pete. Pete iliyobanwa kupita kiasi huminya bomba na kufanya nobu iwe nzito. Pili, paralaksi, yaani msalaba kuonekana ukihama juu ya shabaha jicho linaposogea. Lenga macho kwenye ukuta mweupe, rekebisha lenzi ya nyuma mpaka msalaba uonekane mkali mara tu unapotupia jicho. Kisha elekea shabaha, zungusha nobu ya paralaksi mpaka, ukitikisa kichwa polepole juu na chini, msalaba usitembee juu ya kitovu. Usiziamini namba za mita zilizochorwa hapo. Darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 50, paralaksi ikiwa imewekwa mita 100 nawe unapiga mita 50, inaweza kukuhamisha hadi milimita 12.5 jicho likiwa ukingoni. Hizo ni kliki saba za thumni, zimeletwa na shavu lililokaa vibaya kwenye kitako.

Kuhesabu, na hatari ya mzunguko mmoja

Hapa robo na mili zinashinda. Kupanda dakika 35 ni kliki 140 za robo, 280 za thumni, na 102 tu za 0.1 mili. Thumni nyingi hutoa dakika 10 kwa mzunguko, yaani kliki 80, kwa hiyo dakika 35 ni mizunguko mitatu na nusu. Anayebadilisha umbali siku hiyohiyo, kama kwenye uwanja wa Stickledown kule Bisley, Uingereza, unaotumika kuanzia yadi 800 hadi 1,200, huweza kusahau yuko mzunguko wa ngapi. Mzunguko mmoja wa ziada ni dakika 10, na kwa yadi 1,000 hizo ni mita 2.66: risasi inapita juu ya fremu nzima ya shabaha. Hilo ni suala la usalama, si alama tu. Kabla ya risasi ya kwanza soma mistari iliyo chini ya nobu, na uwe na kikaratasi kilichobandikwa kwenye kitako chenye umbali, mzunguko na namba. Darubini yenye kizuizi cha sifuri, inayogoma kushuka chini ya pale ulipoisawazisha, inaondoa nusu ya wasiwasi huo.

Angalia pia kama kimo chenyewe kinatosha. Darubini yenye mwendo wa jumla wa dakika 60 ina dakika 30 tu za kupanda kutoka katikati. Iweke juu ya reli yenye mwinamo wa dakika 20 na utapata 50 za kupanda na 10 za kushuka.

Upepo, na mahali mili inapostahili

Upepo ukigeuka ghafla kiasi cha dakika moja na nusu, thumni inadai kliki 12, robo 6. Wengi hawazungushi kabisa. Wanalenga pembeni kwa kutumia alama za retikali, yaani ule msalaba na mistari yake ndani ya darubini. Na retikali zipo za aina mbili. Iliyo kwenye tabaka la kwanza hukua na kupungua pamoja na picha, kwa hiyo alama zake ni za kweli kwa ukuzaji wowote, ila kwa ukuzaji mkubwa mistari hunenepa na kufunika kitovu. Iliyo kwenye tabaka la pili hubaki nyembamba daima, ila alama zake ni za kweli kwa ukuzaji mmoja tu, ule uliotajwa kwenye kijitabu cha darubini. Ukipunguza ukuzaji hadi nusu, alama ya dakika 2 inakuwa dakika 4. Na kupunguza utapunguza: jua likichoma ardhi, mazigazi huifanya shabaha ichemke, na mara 55 inakuwa haina faida kuliko mara 25.

Kwa anayepiga umbali tofauti tofauti, kwenye mabamba ya chuma, muda ukimkimbia, 0.1 mili yenye retikali ya mili kwenye tabaka la kwanza ndiyo chaguo letu. Risasi ikionekana imeanguka nusu mili kulia, retikali imekwisha kumpa jibu: kliki tano kushoto, bila kujua umbali. Kliki kubwa haimsumbui kwa sababu bamba ni kubwa kuliko duara la inchi 5. Kliki ya 0.05 mili ni njia ya kati kwa aliyezoea mita anayetaka kupiga karatasi. Ni ndogo kuliko robo, kubwa kuliko thumni, na hesabu yake kwa mita 100 ni milimita 5 kamili. Shida yake ni uchache wa darubini zenye kliki hiyo.

Kwa F-Class na kwa wanaopiga mezani wakitafuta kundi dogo kabisa, chukua thumni, retikali nyembamba ya tabaka la pili, na kumbuka kwamba darubini inahesabiwa kwenye uzito wa bunduki: kilo 10 kwa daraja la wazi (F-Open), kilo 8.25 kwa F/TR, daraja la kaliba .223 na .308 tu. Kwa anayejifunza, au mwenye .22 ya mita 50 na 100, robo inatosha na pesa inayobaki inunue risasi. Akifika mahali ambapo makundi yake ya risasi tano hukaa ndani ya nusu dakika siku zote, milimita zile za robo zitaanza kumkera kwa haki.

Dukani, kabla ya kulipa, hakikisha nobu na retikali zinahesabu kipimo kimoja. Bado zinauzwa darubini zenye retikali ya mili na nobu za dakika, na anayeinunua atakuwa akizidisha kwa 3.44 huku upepo unageuka. Kisha zungusha nobu ya juu kliki 40 kwa kuhesabu kwa kidole, macho yamefumbwa, na ufumbue. Kama namba haiko pale ulipohesabu, au kama kliki mbili zilisikika kama moja, mwombe muuzaji akuletee nyingine.